Mirror Reaper ya Bell Witch: dakika 83 za kilio kizito

Mirror Reaper ni albamu ya wimbo mmoja. Wimbo wenyewe una dakika 83, umepigwa na Bell Witch, watu wawili wa Seattle, Marekani, na ndani yake hamna gitaa la kawaida hata moja. Kuna gitaa la besi la nyuzi sita, ngoma, ogani na sauti za binadamu, basi. Ilitoka Oktoba 2017 kupitia Profound Lore, kampuni ya Kanada. Mimi nafunga muziki kwenye magari pale Mwembe Tayari, Mombasa, kutwa nzima nashughulika na besi, na nasema kwa moyo mmoja: sijasikia rekodi nyingine iliyoitendea haki besi kama hii.

Muziki wa Bell Witch unaitwa doom. Kwa asiyeijua, hili ni tawi la metal, ule muziki mzito wa magitaa, linalokwenda taratibu. Metal nyingine hukimbia, hii huburuta miguu. Shina lake ni Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, na shina hilo lilipandwa na mfanyakazi wa kiwandani. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikuwa na miaka 17, yuko kazini siku yake ya mwisho kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio ule wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Nyuzi ngumu zilikuwa zinamtesa, akatumia nyembamba, na baadaye akazilegeza. Kufikia mwaka 1971 zilikuwa zimeshuka nusu-toni tatu nzima, yaani ngazi tatu ndogo za sauti. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini, nene, yenye giza. Basi muziki huu ulizaliwa na mtu aliyekataa kuacha kazi yake kwa sababu ya mkono mbovu, na mimi kwa hilo tu nilishaupenda kabla sijausikia sawasawa.

Waliofuata wakapunguza mwendo zaidi na zaidi. Katika miaka ya 1990 Wafini, bendi za akina Thergothon na Skepticism, wakaufikisha kwenye mwendo wa wachukuzi wa jeneza, ndipo ikapatikana doom ya mazishi. Bell Witch wanatoka katika ukoo huo.

Sasa nije kwenye besi yenyewe, maana hapa ndipo nina la kusema.

Mombasa sote tunaipenda besi. Mteja akiingia karakana swali lake la kwanza ni: "Fundi, itagonga?" Naye kugonga anakotaka ni kule kwa matatu, pigo fupi linalotikisa kioo na kunyamaza. Hakuna ubaya. Lakini Dylan Desmond, mpiga besi wa Bell Witch, hafanyi hivyo. Anaigonga noti, anaiacha. Inabaki hapo, inanguruma, inazeeka, inageuka rangi mbele yako, na wewe unangoja ya pili kwa muda unaotosha kunywa funda la kahawa na kurudisha kikombe kwenye sahani. Kitu pekee ninachoweza kukifananisha nayo ni honi ya meli inapoingia Kilindini usiku: kifua kinaipata kwanza, ndipo masikio.

Niliuweka wimbo huu kwenye boksi lililozibwa pande zote, wufa ya inchi 12, emplifaya ya kawaida tu, bila kuongeza besi popote. Kisha nikaweka kiganja juu ya koni, ule uso wa wufa unaotetema. Noti inapogongwa koni inaruka kidogo, halafu haitulii. Inaendelea kutetemeka chini ya kiganja, tetemo linapungua pole pole sana, na kabla halijaisha kabisa Jesse Shreibman anapiga ngoma na koni inaruka tena. Fanya jaribio hili ukiwa na wufa nzuri. Utafahamu kwamba uzito wa muziki huu hautoki kwenye sauti kubwa. Unatoka kwenye huo muda ambao noti imeachwa iishi.

Kisha nikauhamishia kwenye boksi lenye tundu, aina ile tunayofunga kwenye matatu nyingi. Tundu huipa wufa nguvu ya ziada kwenye sauti fulani, tuseme hezi (mitetemo kwa sekunde) 45 au 50, na ndiyo sababu gari likipita Digo Road unasikia dundo lile lile hata nyimbo zikibadilika. Kwa bongo na dansi inafaa. Kwa Mirror Reaper boksi hilo linaumbuka. Besi inapofika pale tundu linapopenda, gari linajaa mpaka unatafuta pumzi. Desmond akishuka hatua mbili chini, sauti inakatika ghafla na koni inapiga hewa tu. Nilikuwa na dereva wa njia ya Bamburi pembeni, akaniambia, "Fundi, wufa yako imekufa." Haikufa. Wimbo ndio ulioionyesha pale inapoishia, na tangu siku hiyo ndio wimbo ninaotumia kupimia kila boksi ninalotengeneza.

Uzi wa E wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde moja, na wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ni refu kuliko vyumba vyetu vingi. Spika ya simu haifiki huko kabisa. Ukisikilizia simu utasikia kitu, kwa sababu distoshoni, ule mkwaruzo unaotiwa kwenye sauti makusudi, huzaa sauti nyingine juu ya ile ya asili na sikio hujijazia lenyewe lililokosekana, lakini umesikia habari za besi, besi yenyewe hujaisikia. Wengi walioniambia kwamba albamu hii inachosha waliisikiliza hivyo, ndani ya feri ya Likoni, watu wanapiga makelele na mabegi yanagonga magoti. Nawaomba waisikilize upya.

Desmond pia ana mtindo wa kugonga nyuzi juu ya shingo ya gitaa kwa mikono yote miwili. Mkono mmoja unashikilia mzigo wa chini, mwingine unapiga melodia juu, na hivyo mtu mmoja anajaza nafasi ya watu watatu. Sehemu za mwanzo, kabla uzito haujaingia, besi iko peke yake, safi, bila uchafu wowote, na melodia yake ni nzuri kweli kweli. Imejaa huzuni, ila haijirembi. Sisi tuliolelewa na udi wa taarab ya zamani tutaitambua haraka namna hiyo ya kuiacha noti ining'inie kabla ya kuijibu.

Ngoma za Shreibman nazo zina haki yake. Ukipiga pole pole kiasi hiki huna pa kujificha; pigo likichelewa kidogo tu kila mtu anajua. Yeye hachelewi. Matoazi anayaacha yafifie yenyewe, na rekodi imeyashika mpaka mwisho wa mwisho wake. Billy Anderson ndiye aliyerekodi, na mikono yake ni ya mtu anayeuelewa muziki huu. Ukipata faili ya MP3 iliyobanwa hadi kilobiti 128, mikia hiyo ya matoazi inageuka kuwa michirizi ya maji machafu. Msiisikilize hivyo, tafadhalini.

Nifike sasa katikati ya wimbo, ambako ndiko kunakoifanya albamu hii iwe zaidi ya kazi nzuri ya studio.

Bell Witch ilianzishwa mwaka 2010 na Desmond pamoja na Adrian Guerra. Guerra alipiga ngoma na kuimba kwenye albamu mbili za kwanza, Longing ya 2012 na Four Phantoms ya 2015, kisha akaondoka na Shreibman akachukua nafasi yake. Mei 2016 Guerra akafariki. Mirror Reaper ilikuwa inatungwa, msiba ukaingia ndani yake. Na wenzake wakafanya jambo ambalo hadi leo likinijia kichwani naacha ninachofanya: walichukua sauti ya marehemu, vipande alivyoimba wakati wa kurekodi Four Phantoms ambavyo havikutumika, wakavijengea mahali katikati ya wimbo huu. Ogani ikiwa imetandazwa chini, inakuja sauti nene ya kooni, na huyo ni yeye. Si wimbo wa kumhusu marehemu, marehemu mwenyewe anaimba kwenye matanga yake.

Mwenzangu wa karakana alifariki, Mungu amrehemu. Tulifanya kazi benchi moja kwa miaka. Kwenye simu yangu bado zimo sauti alizokuwa akinitumia, mambo ya kazi matupu: niletee waya mwekundu, mteja wa Probox amefika, usisahau fyuzi. Sijazifuta, na kuzifungua siwezi. Kwa hiyo nilipojua ni nani anayeimba pale katikati nililirudia lile fungu nikiwa peke yangu, mlango wa karakana nimeushusha nusu. Nilichokisikia ni heshima. Kwa sikio langu kila kitu kinampisha. Besi inatoka njiani, ngoma zinatoka njiani, ogani inamshika chini asianguke. Hakuna aliyejaribu kumzidi sauti. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mpiga muziki anaweza kumpa mwenzake.

Najua yatakayosemwa. Huu ni muziki wa shetani, huu unaita mashetani, kijana wa Kiislamu unasikilizaje mtu anayenguruma. Nimeambiwa hayo na watu ninaowaheshimu, na siwadharau. Naeleza tu kilichotokea nyumbani. Nilikuwa nimeufungulia wimbo huu sebuleni jioni, kwa sauti ya wastani, mama yuko jikoni anachambua mchele. Akaja mlangoni na ungo wake.

"Mwanangu, huyu analia nini?"

"Mwenzake kafa, mama."

Akasikiliza kidogo. "Basi mwache alie. Punguza tu, jirani ana mtoto mchanga."

Yeye hajui Kiingereza, na hata angekijua maneno yale hayasikiki vizuri. Alichotambua ni kilio. Watu wa pwani hii hatuna haja ya kufundishwa kwamba huzuni inaweza kutungwa na kuchukua muda wake. Wazee wa Pate walitunga tenzi ndefu za kulilia majumba yaliyokuwa na taa na mazulia, yakabaki magofu ya popo. Hakuna aliyewaita watu wa shetani. Giza la Mirror Reaper ni giza la namna hiyo, la mtu aliyekaa na kifo akakitazama usoni. Hamna kutukana dini ndani yake, hamna kusifu mauaji. Wapo wanamuziki wa metal wanaofanya hayo, nami nawaacha.

Na tusijidanganye kwamba muziki mzito ni wa Wazungu pekee. Nairobi ilitupa Duma, watu wawili vile vile, albamu yao ikatoka mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wao ni kinyume cha Bell Witch kabisa, kasi na kelele tupu, na kwangu mimi wanachosha mapema. Lakini walitokea, na dunia iliwasikiliza.

Nirudi kwenye albamu, kwa sababu si kila kitu ndani yake kimenikaa.

Nusu ya pili imejaa utulivu. Anaingia mgeni, Erik Moggridge, anayejulikana kwa jina la Aerial Ruin, akiimba kwa sauti safi, ya chini chini, karibu ya mtu anayemsomea mgonjwa. Sauti yake ni nzuri, na baada ya ngurumo zote zile inaingia moyoni. Tatizo ni kwamba fungu hilo limenyooshwa kupita kiasi. Kuna mahali besi inazunguka melodia ile ile bila kuiongezea kitu, na mimi ambaye sina haraka najikuta natazama saa. Wangepunguza dakika chache pale, uzito unaporudi kuelekea mwisho ungeanguka kwa nguvu zaidi. Mashabiki wengine watanikasirikia kwa hili, maana kwao huo ndio moyo wa albamu. Sikubaliani nao. Moyo wa albamu ni Guerra, na baada yake kila kitu kingepaswa kuwa kifupi kidogo.

La pili, maneno. Mngurumo wa kooni ni chombo kizuri, lakini unapotumika kwa muda mrefu hivi bila kubadilika, msikilizaji anabaki nje ya mashairi. Yatafute mashairi uyasome kwanza, ndipo uzime taa. Mimi nilifanya hivyo na wimbo ukanifungukia upya.

Jalada ni mchoro wa Mariusz Lewandowski wa Poland, mchoraji aliyefariki mwaka 2022. Ukiweza kuliona likiwa kubwa, kwenye santuri, lione.

Kuhusu mahali pa kusikilizia, nimejaribu kwingi. Kwangu Kisauni paa ni la mabati, na besi ikifika chini mabati yanaimba nayo, misumari inalia, haiwezekani. Ndani ya gari ni pazuri kwa nusu saa ya kwanza, kisha joto linakushinda, hasa miezi ya kaskazi, maana ukifungua kioo umeshaipoteza besi. Mahali palipoitendea haki kuliko pote ni nyumba ya shangazi yangu Kibokoni, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za mkono mzima. Kuta hizo hazitetemeki. Dari ni ya juu, boriti za mikoko, na sauti ina nafasi ya kutembea. Nilipeleka boksi langu kule kwa mkokoteni, nikaliweka pembeni mwa chumba, kwenye kona, kwa sababu kona huiongezea besi nguvu bila wewe kugusa kitufe chochote. Tulingoja isha iswaliwe na mtaa utulie. Shangazi akalala baada ya robo saa, na hakusema lolote baya asubuhi.

Kama huna wufa, hedifoni nzuri za kufunika masikio zinatosha. Usiguse ikwalaiza. Usiongeze besi. Kila anayeongeza besi kwenye albamu hii anaiharibu, kwa sababu besi ishapangwa na mtu anayejua kazi yake, na ukiongeza unaifunika ogani, na ogani ikifunikwa lile fungu la katikati limekwenda.

Anayetaka kuinunua, iko Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na huko unaweza kushusha faili za FLAC ambazo hazijabanwa kwa kuharibu. Ni kubwa, kwa hiyo jipange na bando. CD moja haiwezi kubeba dakika 83, ndiyo maana kwenye diski imegawanywa mara mbili, As Above na So Below. Napendelea faili, kwa sababu kuinuka kubadilisha diski katikati ya msiba wa mtu hakupendezi. Unayeogopa urefu, anza na Four Phantoms, ina nyimbo nne na utamsikia Guerra akiwa hai kwenye ngoma. Ukiipenda sauti ya Moggridge, yupo tena kwenye Stygian Bough Volume I ya mwaka 2020, kazi waliyoshirikiana tangu mwanzo, na pale mimi namwona amekaa vizuri zaidi kuliko hapa.

Kwa kumi naipa tisa. Ile moja imebaki kwenye dakika za utulivu zilizozidi.

Boksi lililozibwa bado liko karakana na wufa yake ya inchi 12. Anayetaka kuisikia Mirror Reaper inavyostahili aje jioni, nikishafunga kazi, isipokuwa Ijumaa. Ila aje na muda wake wote, kwa sababu nikishaianzisha siikati katikati.